Jiwe la Kusagia

Jumanne, Mwamkulu

Bado mikono inanuka ulezi, na nimenawa mara tatu.

Mawe yale mume wangu Maganga aliyaokota kwenye lundo walilobakiza mafundi wa kalavati la barabara. Nilimsifu, maana yameinua ghala letu la mahindi, unyevu haulifikii tena. Jiwe moja bapa nikalichukua la kusagia. Lilikuwa limeshalika upande mmoja, kama lililotumika miaka mingi. Tangu juzi nasagia mkono wa kushoto hadi unauma, na mimi si wa kushoto.

Leo mchana jirani yetu Bibi Tatu alinikuta nasaga. Akasimama mlangoni, akautazama mkono wangu.

“Nani kakufundisha kusaga hivyo?”

“Hakuna, bibi. Jiwe lenyewe linataka hivyo.”

Akapiga magoti, akapapasa ukingo uliomeguka. Akasema ni la dada yake, aliyesagia kushoto. Alipokufa walililaza juu ya kaburi lake, huko huko greda lilikopita.

Sikubisha. Tulilibeba wawili tukaliweka kando ya barabara, pale alipokadiria kaburi lilikuwapo. Akanyunyiza ulezi, akasema maneno ya Kibende, taratibu, kama anayemwomba mtu radhi. Mkono wangu wa kushoto ukaacha kuuma.

Tuliporudi, Maganga akamuuliza kama na yale ya chini ya ghala yalitoka makaburini.

Bibi aliyatazama moja moja.

“Hayo wenyewe siwajui, baba. Mimi wangu nimeshamrudisha.”

Maganga hajagusa chakula. Mahindi ya mwaka mzima yamo mle ghalani.