Kigoda cha Baba kwa Mwenye Ardhi

Kensington, Johannesburg, 2017

Asimwe mjukuu wangu,

Huku hatujambo. Shangazi yako ameongeza kiti cha tatu saluni kwake Yeoville, na goti langu limetulia.

Unauliza kwa nini siachi kuangalia ile tamthilia ya zamani ya Kipakistani, ya ukoo wa mabwana wenye mashamba, wakati Kiurdu sijui hata salamu. Jirani yangu Shabana, aliyekulia Mombasa akisema Kiurdu nyumbani, hunitafsiria, lakini sihitaji sana. Bwana yuko kitini, wakulima wako chini. Hayo nayajua.

Kwetu Bukoba, kabla nyarubanja, ule utaratibu wa mabwana kumiliki ardhi, haijafutwa, tulilima ardhi ya bwana mmoja. Mkulima akimpelekea pombe ya ndizi, aliketi chini kwenye nyasi. Siku moja baba alinibebesha kibuyu cha pombe, yeye akabeba kigoda chetu. Tulipofika alikiweka, akakikalia, akasalimia kwa adabu zote. Uwanja mzima ukageuka kumtazama. Nikamvuta kanzu: "Baba, shuka!"

Akajibu bila kupunguza sauti, "Nimetembea mbali, mwanangu, nimechoka."

Shamba tulinyang'anywa. Mengine tuyaache. Siku ile wakati wa kurudi nililia kwa aibu, naye akanipa kigoda nikibebe, akaenda akipiga mluzi.

Jana kwenye tamthilia mkulima mzee aligoma kuketi chini mbele ya bwana. Shabana akashika mdomo: "Eish, Bibi, watamfukuza!"

"Watamfukuza," nikamwambia. "Ila tazama binti yake anavyomwangalia."

Nilisema hivyo nikiwa nimekalia kigoda kilekile. Ukija likizo, utakikalia wewe.

Bibi yako