Redio ya Baba Yake Teodolinda

Mtaa wa Rincón,
Fray Bentos, Uruguay.
20 Juni 2004

Mpendwa dada yangu Nélida,

Pokea salamu za huku nyumbani, ambako baridi imeingia mapema na mto umepanda hadi ngazi ya tatu ya gati. U hali gani? Goti lako limepata nafuu, au bado linakugomea ukitoka dukani? Nasikia wajukuu wako wa huko Malmö wanaongea Kihispania kama watalii. Wasemeshe hivyo hivyo, usichoke. Mimi ni mzima, isipokuwa kile kikohozi cha kila mwaka, ambacho sasa nimekizoea kama jirani.

Ugonjwa wangu wa redio za kale unaujua. Tangu nistaafu posta zimefika kumi na tisa, zote za valvu, zile taa za kioo zinazochukua muda kupata moto kabla sauti haijatoka. Zimejaa hadi chumbani, kitanda kimebaki kama kisiwa. Lakini sikuwa na hata moja ya miaka ile ya mwanzo kabisa, iliyokuja na antena yake ya ndani: fremu ya mbao iliyozungushiwa waya, unaisimamisha juu ya redio na kuigeuza kwa mkono mpaka ikamate kituo.

Moja ilikuwapo, na wewe umeiona. Ni ile ya wifi yako Teodolinda, aliyoachiwa na baba yake, fundi umeme wa kiwanda cha nyama. Tangu kaka Bautista atutoke, ilikaa juu ya kabati lake, imefunikwa shuka.

Mwishoni mwa Aprili nilimwendea. Nélida, haya ninayoyaandika sasa yananiwia vigumu, kwa hiyo nitayasema bila kupamba.

"Hiki ni kikuukuu tu, shemeji," nilimwambia. "Mbao zimeliwa na wadudu, valvu zimekufa. Ngoja nikuondolee takataka hii, nikuletee redio mpya."

Mbao hazikuwa zimeliwa. Valvu iliyoungua ilikuwa moja tu. Alinitazama kidogo, kisha akasema haya, chukua. Kesho yake nikampelekea redio nyeupe ya plastiki, akanishukuru na kunikaangia maandazi, kama ilivyo desturi yetu siku ya mvua. Niliyala yote.

Mwezi wa Juni ulipoanza niliipeleka Montevideo, kwenye mkutano wetu wa wakusanyaji. Tuko wazee saba, tunabishana kuhusu skrubu. Mkubwa wetu, Iraola, ambaye hajawahi kusifu kitu cha mtu, aliizunguka mara mbili. Halafu akaniambia kwamba nchi nzima ameona mbili tu za aina ile, na hakuna iliyobaki na antena yake. Wakanipigia makofi. Mmoja akauliza nimeipata wapi.

Nikajibu, "Kwa mtu asiyejua thamani yake."

Wote wakacheka, kwa sababu kila mkusanyaji ameota kukutana na mtu huyo. Mimi nilicheka nao, kisha nikayasikia maneno yangu. Mtu niliyekuwa nikimwita mjinga mbele ya wageni alikuwa mke wa Bautista. Na wewe ndiye uliyemwambia kwa simu, siku tulipomzika kaka, asiogope, kwa kuwa Gervasio yupo.

Wiki ile ile niliirudisha. Redio niliipakia kwenye mkokoteni, antena nikaibeba begani. Wanaume wa duka la vinyozi walitoka mlangoni kunitazama, na mmoja akaniuliza kama naenda kuanika nguo. Nikaendelea kusukuma mkokoteni.

Teodolinda alifungua mlango, akauliza nimeirudisha ya nini. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama palepale kibarazani, hata lile neno la Montevideo.

"Nimeishi na redio hii tangu nizaliwe," akasema. "Watu wawili wamekuja kuitaka, nikawafukuza. Ulidhani sijui ni kitu gani?"

Nikamuuliza kwa nini basi alinipa.

"Nilitaka uwe nayo, maana wewe ungeifufua. Ungeniomba tu, ningekupa siku ile ile. Lakini uliamua kunifanya mjinga. Nikasema, acha nione atakaa nayo siku ngapi."

Siku arobaini na tatu, Nélida. Alikuwa amezihesabu.

Nilimsihi anisamehe. Akasema msamaha utakuja wenyewe, haukamuliwi kama ndimu. Akanionyesha meza iliyo karibu na dirisha, niiweke pale.

"Itakuwa yako siku Nélida atakapokujibu," akasema. "Mwandikie kwa mkono wako ulivyonifanyia. Sitamwambia mimi." Nilipotaja simu, akatikisa kichwa. "Kwenye simu mtacheka, mambo yapoe. Andika."

Ndiyo maana umepata barua, wewe uliyezoea kadi yangu ya Krismasi. Uniwazie utakavyoniwazia, nimestahili.

Wakati naitafutia barua hii maneno, nilimtengenezea redio pale pale kwake. Nilikuwa na valvu moja ya akiba inayoingia. Jumapili iliyopita tuliiwasha. Nilinyoosha mkono nigeuze antena, akaniondoa. Aliniambia kuwa utotoni hakuruhusiwa kuigusa, baba yake tu ndiye aliyeigeuza, na watoto walikaa kimya kitini. Akaigeuza yeye, polepole, ulimi ukiwa umemtoka kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Kwanza mkwaruzo, kisha Buenos Aires ikaingia, safi, mtu akisoma hali ya hewa. Teodolinda ana miaka sabini na sita. Alisikiliza mvua za Waargentina mpaka mwisho, hakutaka niongee.

Nisalimie shemeji Göran, na binti yako Pilar na watoto wake. Dada Casilda wa hapa mtaani anakukumbuka na anauliza utakuja lini. Mungu akulinde huko ugenini, na akupe usingizi mwema.

Watu humaliza barua kwa kuomba jibu la haraka. Mimi nakuomba usiharakishe, redio ikae kwake kwanza. Jumapili hii nakwenda tena kwake, na ile ijayo pia.

Mdogo wako akupendaye, hata akiwa na aibu,

Gervasio