Kilio Kilichokawia

Jumanne, 4 Novemba
Hagsätra tena, kwenye kazi yangu ya kutunza wazee majumbani. Nimemwogesha Mzee Nils, nimempa uji, nimempa dawa. Ameniuliza kama nje kuna baridi. Ipo, Mzee, ni Novemba. Mama amefariki juzi, kwetu Uvira. Sikumwambia. Sijalia bado.

Alhamisi, 6 Novemba
Mazishi, kwa simu. Zamu yangu ya mashine za kufulia za jengo ilikuwa saa nne, na hapa Hallunda ninapoishi ukiikosa unangoja wiki mbili. Basi nimemzika mama yangu kutoka chumba cha kufulia. Nilizima kipaza sauti, mashine zinanguruma. Kwetu binti wa kwanza ndiye anayeanzisha kilio, wengine wanamfuata. Mama mdogo Furaha akaita, "Neema, tunakungoja!" Nikawasha kipaza sauti. Nikafungua mdomo. Hakuna kitu. Wamesikia mashine tu. Mwisho binamu yangu akaanzisha yeye. Aibu gani hii.

Ijumaa, 7 Novemba
Ujumbe wa Mama mdogo: "Ulaya imekukausha." Nimeusoma njia nzima kwenye treni. Nimemchukia. Halafu nikaona hajakosea.

Jumanne, 11 Novemba
Mzee Nils ameniomba nimwekee santuri ya bluzi, ule muziki wa huzuni. Kuukuu, inakwaruza. Mwanamke mweusi wa Marekani, gitaa moja. Maneno hayakunishika, nilikuwa namvalisha soksi. Kisha mwimbaji akayaacha maneno. Akabaki na "mmm" tu, ya tumboni kabisa, ndefu. Mungu wangu. Ndivyo Mama alivyolia siku ya kumzika Baba. Huyu ameanzisha, nami nikamfuata. Nimelia kwa sauti, Mama ee, Mama weee, nimekaa sakafuni na soksi mkononi. Majirani shauri yao. Santuri ilipoisha Mzee akajikokota na mkongojo wake, akairudisha sindano mwanzo.

Jumapili, 16 Novemba
Nimetaka kumpigia Mama mdogo. Nimeogopa. Je, akinicheka?

Alhamisi, 20 Novemba
Zamu ya kufua. Nimempigia Mama mdogo katikati ya mashine, kipaza sauti wazi. Sikumsalimu. Nilianza na ile "mmm" tu. Nikadhani amekata simu. Kisha akaitikia, sauti yake nzee, akanifuata hadi mwisho.

Nilipogeuka, jirani wa ghorofa ya tatu alikuwa nje ya mlango wa kioo na kapu lake la nguo. Dakika ishirini za zamu yake zilikuwa zimeliwa na kilio chetu. Hakugonga.