Ngazi ya Wanja

Zuwena, mjukuu wangu, mke mwenzangu,

Miezi saba tangu tukuzike, hujanijia hata ndotoni. Maiti wa watu wanawajia bibi zao, wanakaa kitandani, wanaomba maji. Weye kimya. Una kiburi tangu mdogo.

Anaandika mdogo wako Asila, miye nasema. Nimemwambia asinisafishie maneno.

Zile picha zako nne za misimu, ulizokuja nazo kutoka masomoni Uholanzi, bado zimo ukumbini. Baba yako alitaka kuziteremsha siku ya khitma. Nkamwambia, ziguse uone. Yule nguruwe anayechinjwa kwenye mojawapo bado nimemziba kwa plasta, vile vile ulivyokuwa ukinicheka.

Sijui kusoma, lakini zile ulinisomesha. Anayepanda ni mja na amali zake. Anayevuna, ndiyo Kiyama. Na ile ya baridi, mto umeganda, watu wanateleza wanacheka, kanisa lao liko nyuma hapana anayelitazama. Ukasema, "Barafu ndiyo dunia, Bibi." Pembeni imepasuka, mtu kazama mpaka kwapani. Kila ukija nlikuuliza, huyu nani anamtoa? "Hatolewi. Kawekwa tukumbuke mauti."

Nlikasirika. Mtu anazama, wenzake wanacheza.

Sasa nasema lile nilomficha baba yako. Siku ile ya mvua ni miye nlokupigia simu. Nkakugomba: wiki tatu hujaja, na Azaiba unakokaa ni hapo tu, unangoja nife? Ukasema, "Wadi imeshuka, Bibi, bonde lote limefurika, maji yanapita barabarani. Ntakuja kesho." Nkakwambia, visingizio.

Ukaja. Gari lako walilikuta bondeni huku Ansab, limejaa matope.

Asila kaacha kuandika, analia. Andika, mwanangu.

Baada ya arubaini nlifungua kioo cha picha ile, nkachukua wanja wangu, nkamchorea yule mtu ngazi, kutoka ukingoni mpaka shimoni. Mkono haujapata kushika kalamu, imetoka kombo. Baba yako kasema nimeiharibu, hajui kwa nini. Leo atajua. Asila atamsomea barua hii, nami ntakuwa nimekaa mbele yake.

Na hapo mwanzo wa barua nimeanza tena kukugomba. Mdomo huu. Sitakugomba tena, Zuwena, wallahi.

Ukitaka kuja, tazama mbingu kwanza. Ikinyesha, kaa huko huko, hata mwaka. Kukikauka ndiyo uje, na nguo zako kavu.