Kazi Nisiyoitaka

Gesima, Jumapili usiku, Juni 1995

Hongera, hongera, na kazi yenyewe sijaikubali! Wananitaka ofisi ya elimu Nyamira, niache kufundisha darasa la kwanza. Mama mkwe alishatangaza jana Sabato kanisani. Nimechoka kushikwa mkono.

Leo tukichuma chai nilimweleza mume wangu kwa nini nasita. Nyamira ni mbali. Majani yatachumwa na nani? Na Nyaboke bado anakohoa.

"Mama Nyaboke, hizo ni shida ndogo," akasema. Tutapanga chumba huko, mama yake atasimamia chai, na mtoto atakuwa karibu na hospitali.

Alizimaliza zote kabla kikapu changu hakijajaa, nami bado sikutaka kwenda. Hapo ndipo nilipojua kwamba hazikuwa shida zangu, nilikuwa nimezitafuta tu. Ukweli ni kwamba napenda kufundisha watoto kusoma, na nilikuwa naona aibu kusema hivyo, kana kwamba ni uvivu.

Nikamwambia. Akachuma mstari mzima.

"Sawa," akasema mwishowe. "Lakini mama utamwambia wewe."

Sasa hiyo ndiyo shida.