Nilimuacha Muzee Alale

Durban, upande wa bandari

Mama wangu mupenzi,

Nakusalimia kwa mikono yote miwili, vile ulitufundisha kusalimia watu wakubwa. Goti lako likoje? Maji yanafika kwa robine, ama mungali munapanga bidoni tangu alfajiri? Makaa yameshuka bei kidogo? Na Papa? Habari ya Papa nitairudilia kule chini, usifikiri nimeisahau.

Mimi afya iko, nashukuru Mungu. Nakula, nalala. Lakini haya inanila, Mama, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu nikianza kusema jambo zito unanikatiza, unaanza kuniombea, kisha inite za simu zinaisha. Barua hii nimemupa mama mumoja wa kwetu, wa mutaa wa Birere, anarudi kuzika kaka yake, atakuletea mukononi. Isome yote kwanza. Ukimaliza ndipo uniombee.

Najua wamama wa kikundi chenu cha sala walikuja nyumbani, wakapiga vigelegele, ukawapikia sombe na samaki, sababu mutoto wako amekuwa kapiteni. Mama, mimi sikukuambia kapiteni hata siku moja. Nilisema nitasaidia wazee wawili kushusha mashua yao mpaka Cape Town. Kutoka hapo mpaka kapiteni ulitembea wewe mwenyewe. Lakini sikukurudisha, nilinyamaza, kwa kuwa neno lilikuwa tamu. Sasa hatukufika Cape Town. Niko tena hapa parkingi ya bandari na jile yangu, kile kikoti cha rangi ya machungwa, nalinda magari ya watu. Na tulirudi si kwa sababu ya bahari. Ni kwa sababu yangu.

Wacha nianze mwanzo, usipotee.

Ng'ambo ya parkingi yetu zinafungwa mashua za matanga, zile za watu wanaozunguka dunia. Si watalii wa wiki moja. Nyumba yao ndiyo ile. Papa Lucien na Mama Odile ni Wafaransa, nywele zao nyeupe kabisa, na walifurahi vile walisikia nawaamkia kwa Kifaransa. Nikaanza kuwabebea maji na sakoshi za soko, kisha kupaka vernis kwa mbao, kisha kula kwao siku ya Mungu. Hapo wanakusanyika na wenzao, na mimi nakaa nasikiliza. Kuna mumoja mwenye mashua yake pekee, Muzee Pieter, mutu wa ndevu na maneno machache, amezunguka dunia mara mbili bila mutu pembeni.

Mambo wanayosema, Mama! Wanaosha vyombo na maji ya chumvi ili yale matamu yabaki ya kunywa. Hawasemi "tutafika siku fulani," wanasema "tunataka kwenda kule," na kama hewa imekataa, wanangoja hata mwezi bila kununa. Mama Odile ananiambia nyumba yao haina mulango wa kubamiza, kwa hiyo wakigombana mumoja anaenda mbele kwenye nanga, mwingine anabaki nyuma kwa usukani, mpaka njaa iwapatanishe. Nikacheka mpaka machozi. Papa Lucien akasema, "Usicheke, kijana. Mara moja njaa ilichelewa, tukavuka nusu ya bahari tumenuniana."

Siku moja nikawauliza bila kuzunguka: mulikuwa na nyumba ya matofali na bustani, kwa nini mutu mwenye akili aache hayo ili akae kuloana na kuyumba? Nikawaambia kwetu kuna watu wanahama na sufuria na turubai, wako kwenye kambi ya Kanyaruchinya, na hakuna anayewaita wasafiri. Nilisema kwa hasira kidogo. Mama Odile akaweka uma chini, akasema, "Sisi tukichoka, tuna mulango wa kurudi. Hiyo ndiyo tofauti, na hatupashwi kuisahau." Tangu siku ile nikampenda sana yule mama.

Walivyoniomba niende nao, Papa Lucien alinikalisha peke yangu. Akaniambia bahari haiuwi watu vile wanafikiri. Kinachouwa ni mutu aliyechoka, na mutu aliyenyamaza pembeni yake. Kwa hiyo wanalala kwa zamu. Mumoja anaangalia, mwingine analala kabisa, bila sikio moja kubaki macho. "Ukiona kitu, niamushe," akasema. "Ukifikiri umeona kitu, niamushe. Ukianza kujiuliza kama unaweza kuniamusha, ujue umeshachelewa." Nikajibu, "Ndiyo, Papa." Akasema, "Hapana. Sema: nitakuamusha." Nikasema. Akanisemesha mara tatu kama mutoto wa katekisimu, na mimi nikacheka ndani ya moyo. Niliona ni kitu kidogo sana cha kuapisha mutu.

Muzee Pieter alikuwa anasikiliza. Yeye analala na saa ya jikoni kwa shingo, inalia kila mara, anaamuka, anaangalia, anarudi. Akasema hivi tu: "Niko peke yangu sababu sikumupata mutu wa kuniamusha."

Basi tukatoka. Papa Lucien hakulala tangu tuliacha bandari, kulikuwa na meli kubwa nyingi zinapita. Siku iliyofuata, kiisha kula wali, akanipa zamu. Mama Odile alikuwa kwenye kitanda cha mbele, bahari ilimushika tumbo. Muzee akajinyosha kwenye benchi ya ndani, lunete za macho juu ya paji la uso, kinywa wazi. Mama, ungemuona! Ni Papa kabisa, Papa wetu vile analalaka kwenye kiti chake cha miti kiisha chakula. Nikamuangalia, nikamuonea huruma.

Upepo ulikuwa unatusukuma vizuri kutoka nyuma. Kisha ukakatika. Tanga likaanza kupigapiga kama nguo kwenye kamba. Nikaangalia kusini, nikaona mustari mweusi chini ya mbingu, umenyooka, kama masizi ya sufuria. Nilijua ni nini. Walikuwa wamenieleza kwa meza zaidi ya mara moja: kwenye pwani hii, upepo wa kusini unakuja namna ile, unakutana na mukondo wa maji uso kwa uso, na bahari inasimama kama ukuta. Hakuna kungoja, unapunguza matanga mara moja. Nilijua, Mama. Asikudanganye mutu kwamba sikujua.

Nikaenda kwa kile kimulango cha kushukia ndani, nikainama. Nikasema, "Papa Lucien," kwa sauti ya mutu aliyechelewa misa. Akakoroma. Nikarudi kuangalia mustari, umekaribia. Nikarudi tena, nikakohoa. Ndiyo, nilikohoa! Upepo unakuja kutuuwa, na mimi nakohoa kwa adabu. Nikachukua kikombe nikakiweka kwa meza na kishindo kidogo, labda atafikiri ameamuka mwenyewe. Kumugusa bega, kupiga kelele, mukono wangu ulikataa. Nikajiambia: amechoka, muzee wa watu, wacha apate dakika kidogo tu.

Upepo ukafika kama mutu aliyepiga mulango teke. Mashua ikalala upande. Tanga kubwa likapasuka juu mpaka chini, na ndani nikasikia kishindo, na Papa Lucien akalia sauti moja tu. Alitupwa kutoka benchi, akaangukia mukono. Mukono ukavunjika hapa karibu na kiganja. Mama Odile akatoka pekupeku, mugonjwa vile alivyokuwa, akashika usukani, akanielekeza kamba ya kuvuta na ya kuachilia. Akageuza mashua tukimbie na upepo nyuma yetu, kurudia tulikotoka. Papa Lucien, mukono umefungwa kwenye kitenge nilichopewa na wewe, ndiye alikuwa ananiuliza kama mimi nimeumia.

Tulivyofika, wenzao wakaja kusaidia kufunga. Muzee Pieter akaangalia tanga, akaangalia mukono, akauliza, "Nani alikuwa kwa zamu?" Wote wawili wakanyamaza ili wanifunike. Nikasema, "Ni mimi." Akatingisha kichwa tu, akaendelea kufunga kamba. Angenitukana ingekuwa afazali.

Kesho yake Mama Odile akanifuata parkingi. "Uliona ule mustari?" Nikasema niliona. "Sasa?" Nikamujibu kwamba kwetu mutu mukubwa haamushwi, ni heshima. Akasema, "Mutoto wangu, heshima ingemuamusha. Wewe ulimuogopa. Uliogopa uso wake wakati wa kufungua macho, zaidi ya vile uliogopa afe."

Mama, nilikasirika! Nikajiambia huyu muzungu anajua nini juu ya heshima yetu. Siku mbili nilipita mbali na mashua yao. Lakini neno lilikuwa limeingia kama kokoto ndani ya kiatu, na nikamukumbuka baba mukubwa.

Unakumbuka vile alitoka Bukavu kuja kumuona Papa? Papa alikuwa amelala kwenye kiti. Ulimupa mugeni maji, ukamupa ndizi, sisi watoto tukafukuza hata kuku wasilie. Baba mukubwa akakaa kwa kiwanja, kofia kwa magoti, akangoja mpaka saa ya bato, meli ya kumurudisha Bukavu, ikafika, akaaga akaenda. Papa kuamuka akauliza, "Mbona hamukuniamusha?" Ukamujibu, "Mutu muzima haamushwi." Akavaa viatu bila soksi, Papa yule wa kunyosha hata kamba za viatu na pasi, akakimbia mpaka kwenye port. Bato ilikuwa imeshaenda. Hawakuonana tena. Na Papa hakutugombeza hata kidogo, alikaa tu na viatu vyake. Nilisahau hiyo siku, kumbe nilikuwa nimeibeba mpaka huku.

Sasa sikia jambo lenyewe. Plastere ya mukono wa Papa Lucien itatolewa hivi karibuni, tanga limeshashonwa, na wameniomba niende nao tena. Mimi! Nikamuambia muzee atafute mwingine. Akasema, "Mwingine atajifunzia kwa kuvunja mukono wangu huu mwingine. Wewe umeshajifunza." Na akacheka, mubaya yule. Wanangojea jibu langu. Sijawajibu, na sitawajibu mbele ya kupata jibu lako. Tukienda, kuna siku nyingi simu haishiki.

Mama, kila nikipiga, Papa amelala. Nikipiga muchana, amelala. Nikipiga jioni ya habari za redio, ambazo hakuwahi kukosa hata tukiwa kwenye turubai, amelala, tumuache apumzike. Na mimi nilikuwa najibu, "Sawa, musimusumbue." Nilikuwa na heshima sana. Mara ya mwisho nilipiga asubuhi, saa yake ya kunyoa ndevu kwenye kioo cha mulangoni. Ukasema amelala. Na nyuma yako nikamusikia tante anayetushonea akikohoa. Alikohoa, Mama, vile nilikohoa mimi kwenye kile kimulango.

Sikuuliza. Nilijua munanificha jambo juu ya Papa, na sikuuliza, vile nilijua ule mustari. Haya yangu kubwa iko hapo, si kwenye tanga la watu.

Usifikiri nakulaumu. Najua ulisema: yuko mbali, atafanya nini, wacha mutoto apate maisha. Najua huruma yako, ndiyo ile ile niliyomuonea Papa Lucien.

Nisalimie tante yule, umuambie nimemusamehe kikohozi chake. Nisalimie Neema mudogo wangu, asome, asinicheke sana. Nisalimie Muzee fundi wa saa, jirani yetu, na wamama wote wa kikundi cha sala. Uwaambie mutoto wako si kapiteni, ni mulinzi wa magari aliyevunjia muzee mukono. Waimbe hivyo hivyo, Mungu anapokea.

Papa simutumii salamu kwa karatasi. Ukimaliza kusoma, ingia kwenye chumba chake. Usikohoe, usigonge kikombe. Mushike bega, umutingishe, umuambie Bahati anamuita, hata akikasirika akasirike.

Na kama haamuki, Mama, basi usiniache nilale. Niamushe mimi.

Ni mimi mutoto wako,
Bahati