Choo cha Mkamwana na Mvua za Kale

Jumatatu, 9 Agosti 1993
Salamu za heshima kwako, daftari. Uniwie radhi kwa kimya. Tangu mwanangu Gwamaka alete mke, sina utulivu. Kwa mila yetu Wanyakyusa, mkamwana hamtazami baba mkwe, hasemi naye, wala hakutani naye njiani. Nasi tuna choo kimoja. Nikitaka kwenda, nakohoa, naye hujificha. Akitangulia yeye, nangoja nyuma ya migomba. Koo linauma.

Choo cha pili kinachimbwa. Tusajigwe, mkamwana wangu, amemwambia mumewe: kisipokamilika kufikia Jumapili, anarudi kwao Ipyana. Simlaumu.

Jumanne, 10 Agosti
Shimo limefikia kina cha watu wawili. Akapita Bwana Mushi, mtaalamu wa udongo aliyetumwa kutoka Dodoma. Akachungulia, akavua kofia. Amewasimamisha wachimbaji. Badala ya kukataa, nikamwagizia chai. Malezi ya misheni yataniua.

Jumatano, 11 Agosti
Bado yumo. Alidondoshea maji mabonge mawili ya udongo. Jeusi la juu likavimba: udongo wa namna hiyo hutokea penye kiangazi kirefu. Jeupe la chini halikujali. Mvua za joto ziliuosha udongo wake kwa vizazi visivyohesabika. Hivyo, anasema, baada ya mvua hizo, Kyela yetu hii iliwahi kukauka. Nilicheka, nikaomba radhi. Kyela, kukauka! Manyunyu yalikuwa yanatulowesha sote wawili.

Mlangoni kwa Tusajigwe nimeona mzigo wa nguo, umefungwa.

Alhamisi, 12 Agosti
Aibu. Bwana Mushi alinikaribisha shimoni. Nilishuka. Udongo mweupe ni laini kama siagi, nilipendezwa. Naye akapanda kufuata mifuko ya kutilia udongo mjini, akavuta ngazi isikwangue ukuta wake. Akanisahau.

Gwamaka alikuwa Njisi, mpakani, kufuata sukari. Wachimbaji hawapo. Nyumbani ni Tusajigwe pekee, nami siruhusiwi kumwita. Nikakohoa. Akajificha, kama kawaida. Nikakohoa tena. Akajificha zaidi.

Jua lilipoinama alikuja kinyumenyume, kitenge kichwani, akisema na kuku.

"Wewe kuku, mbona unakohoa shimoni? Ngazi hii hapa. Panda, mimi naenda jikoni. Na umwambie mgeni wako, hicho ni choo cha watu."

Nilikohoa mara moja, kifupi, kwa shukrani.

Ijumaa, 13 Agosti
Nimemkatalia mtu. Nilimwambia Bwana Mushi, "Niwie radhi, bwana. Mvua zako zimekwisha kunyesha. Mkamwana wangu hawezi kungoja."

Aliona haya sana. Alijaza mifuko yake, kisha akasaidia kulaza magogo.

Jumapili, 15 Agosti
Choo kilikamilika jana. Mzigo haupo mlangoni. Mvua tangu alfajiri. Sijakohoa.

Bwana Mushi ameniachia bonge jeupe, liko dirishani. Nimemwandikia kumwomba radhi kwa ukali wangu. Barua ataibeba Gwamaka kesho hadi kwenye basi.

Kuku nimempa kiganja kizima cha mchele.